Utitiri kwa Nyoka wa Kufugwa: Namna ya Kuumaliza

Nyoka akishinda ndani ya bakuli la maji kutwa kucha, pua tu ikichungulia, ana jambo. Huenda kizimba kimezidi joto, huenda anakaribia kujivua gamba. Mimi huanza kwa kushuku utitiri. Mtoe nyoka, mimina yale maji kwenye beseni jeupe, kisha angalia chini. Vidoa vyeusi vilivyozama, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa milimita moja hivi, si uchafu wa bakuli. Ni wadudu waliokufa maji nyoka alipokuwa akijaribu kujitibu mwenyewe.

Jina lake la kisayansi ni Ophionyssus natricis. Chakula chake ni damu ya nyoka, na umesambaa duniani kote ukifuata biashara ya nyoka wa kufugwa. Ni jamaa wa utitiri wa kuku ambao kila mfugaji wa Kakamega au Bondo anaujua, ila si uleule, na dawa ya banda la kuku haihamishwi tu kwenye kizimba cha nyoka. Nitalirudia hili mbele, maana ndiko nyoka wengi wanakofia.

Kwanza habari ya sheria, kwa ufupi. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inamtaka anayefuga mnyamapori Kenya awe na kibali, na mlango wa kubisha ni wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Chatu wote, wa hapa na wa kigeni, wamo pia kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea walio hatarini. Kwa hiyo kama umemwokota chatu kando ya mto Nzoia ukamfungia kwenye pipa, shida yako ya kwanza si utitiri. Ninaowaandikia ni wahudumu wa mabanda ya nyoka, kama yale ya makumbusho ya Kisumu na Kitale, pamoja na wachache wenye vibali walio na chatu mdogo wa Afrika Magharibi, Python regius, au nyoka wa nyumbani wa kahawia.

Hakikisha kwanza ni utitiri

Maji ya bakuli ni kipimo kimoja. Kingine ni mkono wako: mpitishe nyoka kati ya viganja vilivyo safi, kisha vitazame viganja kwenye mwanga wa jua. Utitiri hutembea. Ulioshiba ni mweusi au mwekundu wa damu ya mzee, wenye njaa ni wa manjano iliyofifia na mdogo zaidi, na huu wa pili ndio watu huukosa.

Kichwani, angalia ukingo unaozunguka jicho. Nyoka hana kope. Jicho limefunikwa na gamba angavu, na ule mfereji mwembamba unaolizunguka ndio mahali utitiri hupenda kujibana. Macho yakionekana kama yamevimba kidogo pembeni, sogeza tochi. Geuza kidevu: chini ya taya kuna mkunjo wa ngozi unaoenda kwa urefu, na humo hujificha wengi. Mwisho angalia tundu la haja. Magamba yaliyoinuka, au unga mweupe uliotapakaa juu ya mwili, nao ni ushahidi. Unga huo ni kinyesi cha utitiri, na juu ya nyoka mweusi huonekana haraka kuliko wadudu wenyewe.

Pana wadudu wengine wanaofanana nao. Kwenye matandiko yenye unyevu huzaliana wadudu weupe, wazito wa mwendo, wanaokula ukungu na mbao zinazooza. Hao hawana habari na nyoka wako. Mponde mmoja kwenye karatasi nyeupe: utitiri wa nyoka uliokwisha kula huacha alama ya damu, mla ukungu huacha unyevu tu. Kupe nao ni habari nyingine. Chatu waliotoka porini huja nao mara nyingi, wamejichomeka chini ya ukingo wa gamba au karibu na pua. Kupe anaonekana kwa macho bila kuhangaika, na anatolewa mmoja mmoja kwa koleo ndogo, ukimshika karibu na ngozi na kumvuta moja kwa moja bila kumzungusha.

Usipougundua mapema, nyoka hukosa utulivu, hukataa kula, gamba hutoka vipande vipande badala ya soksi moja nzima. Ukizidi sana damu hupungua, hasa kwa nyoka mdogo; fungua mdomo wake kwa uangalifu, na ukiona ufizi umepauka, huo ni ugonjwa wa kupelekwa kwa daktari leo, wala si wa kumaliza kwa beseni. Utitiri pia hubeba vijidudu kutoka nyoka mmoja hadi mwingine. Bakteria aina ya Aeromonas hydrophila ameshahusishwa nao, na kwa chatu na boa unashukiwa kusambaza ule ugonjwa wa virusi unaowafanya wapinde shingo na kutazama juu bila sababu.

Unavyoishi

Sehemu hii watu huiruka wakimbilie dawa, halafu baada ya wiki tatu wanasema dawa ilikuwa feki.

Jike akishashiba damu hushuka kutoka mwilini mwa nyoka. Hupanda kuta za kizimba, akatafuta ufa wenye giza na unyevu, akataga humo. Katika maisha yake anaweza kutaga mayai 60 hadi 80, kwa mafungu. Kwenye joto la nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi mayai huanguliwa baada ya siku moja hadi nne. Anayetoka kwenye yai hali chochote. Hujivua, na anapoingia hatua ya pili ndipo anamtafuta nyoka. Akipata damu hujivua tena, hupita hatua ya tatu bila kula, kisha anakuwa mzima na kurudi kula. Kutoka yai hadi mzima ni kama siku 13 hadi 19, na mzima huweza kuishi hata siku 40. Wale wadogo wenye njaa wanaweza kuvumilia zaidi ya wiki mbili bila tone la damu.

Kwa hiyo wakati wowote ule, wadudu unaowaona juu ya nyoka ni sehemu tu ya jeshi. Nyoka ni hoteli: huenda kula pale, na kwao ni kwenye ufa wa mbao. Ukimsugua nyoka akang'aa kisha ukamrudisha kwenye kizimba kilekile, umewafungulia hoteli upya.

Hali ya hewa ya kwetu inausaidia. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, mchana joto linakaribia 30, na unyevu wa ziwa upo. Hapo chumba chenyewe kinatosha kulea mayai, hata kizimba kikiwa hakina taa ya joto. Nakuru ni juu zaidi, mita 1,850 hivi, na usiku baridi inauma. Lakini usijifariji. Ndani ya kizimba chenye mkeka wa joto, utitiri wa Nakuru unaishi Kisumu.

Hatua ya kwanza: tenga, na zuia kutembea

Nyoka mwenye utitiri ahamishwe chumba. Kama huna chumba kingine, msogeze mbali na wengine kadiri nafasi inavyoruhusu, kisha umhudumie mwisho, baada ya wote. Ukimaliza osha mikono hadi kwenye viwiko na ubadili shati. Utitiri husafiri kwenye mikono ya mfugaji, kwenye koleo la kulishia, kwenye kitambaa kile kimoja kinachofuta kila kizimba. Unaweza hata kukuuma wewe na kukuachia vipele vinavyowasha, ingawa hauwezi kuishi kwa binadamu.

Meza yenye kizimba iwekwe miguu kwenye makopo ya maji yenye sabuni kidogo, vile watu wanavyolinda kabati la sukari dhidi ya sisimizi. Maji matupu hayatoshi, kwa sababu mdudu mdogo hivi anaweza kuelea juu yake. Sabuni ndiyo inayomzamisha. Meza isiguse ukuta. Juu, kwenye ukingo wa kizimba, paka utepe mpana wa mafuta mazito ya mgando. Utakuta baadhi wamenasa humo asubuhi, na hiyo ni takwimu yako ya bure: wakipungua kila siku unaona kazi inakwenda.

Waangalie na nyoka wengine wote, hata wanaoonekana wazima. Ukikuta mmoja ana wadudu, tibu nyumba nzima. Kumtibu mmoja na kuwaacha majirani zake ni kupoteza maji.

Hatua ya pili: andaa sanduku la muda

Nunua sanduku la plastiki lenye mfuniko wa kubana, laini ndani, lisilo na mikunjo mingi. Soko la Kibuye, Kisumu, hayakosekani. Toboa matundu madogo ya hewa. Ndani weka karatasi nyeupe au ya magazeti, bakuli zito la maji, na boksi dogo la katoni la kujifichia. Basi. Hakuna kigogo, hakuna mawe, hakuna majani ya plastiki. Nyoka hatafurahia, ila atavumilia. Bila maficho yoyote, hapo ndipo atakapoumia kwa wasiwasi, kwa hiyo lile boksi usilinyime. Boksi linatupwa kila unapobadilisha karatasi.

Kama anahitaji joto, mkeka wa joto ukae chini ya nusu moja ya sanduku, nje, ukiwa na thamostati, kile kifaa kinachodhibiti joto lisizidi. Kwa Python regius upande wa joto uwe kama nyuzi 31 au 32, upande wa baridi 25 hadi 27. Usidhani kuzidisha joto kutaua utitiri. Utamuua nyoka kwanza.

Hatua ya tatu: mwogeshe

Ahirisha kama amekula ndani ya siku mbili zilizopita, la sivyo atatapika. Nyoka mwenye sumu asiogeshwe kwa mikono hata kidogo. Bafe, fira na wenzao wanawekewa chombo cha maji chenye mfuniko wanachoingizwa kwa fimbo ya ndoano, na kazi hiyo ni ya aliyefunzwa. Chatu anayezidi mita mbili na nusu asishikwe na mtu mmoja, hata awe mpole namna gani.

Maji yawe vuguvugu, nyuzi 28 hadi 30. Pima kwa thamometa, usibahatishe. Yafike kimo cha katikati ya mwili wake ili aweze kupumzisha kichwa juu bila kuogelea. Wengine hutia tone moja la sabuni ya kuoshea vyombo, isiyo na manukato makali, ili maji yapenye chini ya magamba. Ukifanya hivyo, msuuze baadaye kwa maji safi, na asiyanywe yale ya sabuni. Mwache dakika 20 hadi 30, ukiwa hapo hapo. Usimwache ukaenda kupokea simu.

Nakuru, Njoro au Molo, fanya kazi hii adhuhuri. Jioni baridi inaingia, na stima ikipotea utabaki na nyoka aliyelowa na mkeka wa joto uliokufa.

Maji yanapopanda mwilini, utitiri hukimbia kwenda pasipo na maji. Na pasipo na maji ni kichwani. Utaona kundi zima likipanda shingo kuelekea machoni. Ni jambo zuri, umewakusanya mahali pamoja. Chukua kijiti cha pamba cha kusafishia masikio, kichovye kwenye mafuta ya zeituni au mafuta ya kawaida ya kupikia, kikamue, kisha pitisha taratibu kuzunguka jicho, pembe za mdomo, na ule mkunjo wa chini ya kidevu. Mafuta huziba njia za hewa za mdudu naye hufa. Usiyaingize puani, wala kwenye vile vishimo vya mdomoni ambavyo chatu hutumia kuhisi joto. Wapo wanaompaka nyoka mafuta mwili mzima, mimi sipendi. Karatasi inamnatia, na mwili unabaki na utelezi unaokusanya uchafu. Kichwa na tundu la haja vinatosha.

Mkaushe kwa taulo jeupe. Weupe si urembo: utaona waliobaki. Taulo liende moja kwa moja kwenye maji ya moto. Kisha nyoka aingie sanduku la muda.

Akiwa katikati ya kujivua gamba, macho yakiwa na ukungu wa buluu, usimsugue wala kumgusa macho. Subiri ajivue. Gamba lile likitoka limebeba wadudu wengi ndani yake, kwa hiyo litoe siku hiyo hiyo ukalichome. Kulihifadhi kama kumbukumbu kungoje lingine.

Hatua ya nne: kizimba, na hapa usifanye haraka

Kama una muda wa kufanya kazi moja tu vizuri katika orodha hii, iwe hii.

Toa matandiko yote. Tangu mwaka 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya, kwa hiyo tumia ndoo yenye mfuniko, mwagia maji ya moto humo humo kabla hujatoka nayo chumbani, kisha yateketeze matandiko au yazike mbali. Usiyamwage kwenye lundo la takataka nyuma ya nyumba. Vigogo, magome na vitu vya asili ni afadhali kuvitupa. Ukishindwa kuachana na kigogo fulani, kiweke kwenye friza siku tatu mfululizo, au kitie kwenye maji yanayochemka kama kinaingia sufuriani.

Kizimba kitupu kisafishwe kwa sabuni na brashi. Kisha maji ya moto, yanayozidi nyuzi 55, yamwagwe kwenye kila kona. Joto hilo huua wadudu na mayai, mradi liwafikie. Tangi la kioo usilimwagie maji yanayochemka, litapasuka. Anza na ya vuguvugu ukiongeza. Baada ya hapo Jik, sehemu moja kwa sehemu kumi za maji, dakika kumi, suuza, suuza tena, na uanike juani hadi harufu iishe kabisa. Jik ni ya kuua vimelea vya magonjwa. Usiitegemee kuua mayai ya utitiri. Kazi hiyo ni ya maji ya moto.

Shida iko kwenye vizimba vya mbao. Vingi vya huku kwetu vinatengenezwa na mafundi wa jua kali kwa plaiwudi, na plaiwudi ina nyufa kwenye kila kiungo, kwenye mfereji wa kioo cha kuteleza, chini ya bawaba, ndani ya matundu ya misumari. Yote hayo ni vyumba vya kutagia. Fungua unachoweza kufungua. Elekeza mvuke wa birika au maji ya moto kwenye kiungo, acha kikauke juani, kisha ziba kila ufa kwa silikoni na upake vanishi ndani. Silikoni na vanishi zinataka siku kadhaa za kukauka na kutoa harufu kabla nyoka hajarudi, na hiyo ndiyo maana ya kuwa na sanduku la muda. Kizimba kilichooza chini au kilichobanduka tabaka, mimi ningekichoma na kununua cha plastiki.

Kumbuka jike hupanda juu. Watu husugua sakafu ikang'aa wakasahau dari ya kizimba, soketi ya taa, waya wa thamostati, na nyuma ya karatasi ya picha iliyobandikwa kwenye kioo. Safisha pia rafu yenyewe na ukuta wa nyuma yake.

Hatua ya tano: dawa, kwa akili

Ukienda kwenye agroveti useme tu "utitiri", utapewa dawa ya kuku au ya kuogeshea ng'ombe. "Bosi, hii inamaliza kila mdudu." Ni kweli, na nyoka naye imo kwenye hesabu. Dawa za josho zenye amitraz au zile za jamii ya organofosfeti hazifai kumwagwa mwilini mwa nyoka. Dawa za kupulizia mbu na mende, hapana. Mafuta ya taa, hapana kabisa, hata kama babu aliyatumia kwa kuku. Unga wa kuua viroboto, ambao nyoka atauvuta kwa pafu lake moja kubwa, hapana.

Zipo tatu ambazo madaktari wa wanyama watambaao huzitumia.

Ya kwanza ni fipronil, ile ya kupulizia mbwa na paka yenye nguvu ya asilimia 0.25. Haipuliziwi kwa nyoka moja kwa moja. Inalowesha kitambaa, unaacha spiriti ipungue, kisha unamfuta mwili bila kugusa kichwa, na baada ya dakika chache unamsuuza. Ile ya matone ya kumwagia mbwa mgongoni ina nguvu mara nyingi zaidi, isikaribie nyoka.

Ya pili ni permethrin. Hii ni ya kizimba, wala si ya nyoka. Kipulizwe kikiwa kitupu, bila nyoka wala bakuli la maji, kwa nguvu ndogo inayotajwa kwa matumizi hayo, asilimia 0.5, kisha kikauke kabisa na kupata hewa kabla ya kumrudisha. Mvuke na unyevu wake ndivyo vinavyodhuru. Kama nyumbani mna paka, jihadhari zaidi: permethrin huua paka. Huua samaki pia, kwa kiasi kidogo mno. Anayeishi Dunga au Usoma asimwage maji ya kuoshea kwenye mtaro unaoelekea ziwani.

Ya tatu ni ivermectin, na hii ndiyo inayonitia wasiwasi, kwa sababu ipo kila agroveti na kila mtu anadhani anaijua. Ile ya sindano ya ng'ombe ni asilimia 1, yaani miligramu 10 kwa kila mililita. Kipimo cha sindano kwa nyoka ni miligramu 0.2 kwa kilo ya mwili. Piga hesabu: nyoka wa kilo moja na nusu anahitaji mililita 0.03. Sindano ya kawaida haiwezi kupima tone hilo, na ukikosea mkono kidogo umempa mara kumi. Kwa hiyo kipimo chake, iwe ya sindano au ya kuchanganya na maji kupulizia, kiwe cha daktari. Na kama una kobe katika chumba kile kile, ivermectin isiingie humo. Huua kobe.

Madaktari wengi wa mifugo hapa wamezoea ng'ombe, mbuzi na mbwa. Si aibu kumuuliza kabla kama ameshawahi kumtibu nyoka. Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, kina kitivo cha udaktari wa mifugo, na pale ni mahali pazuri pa kuanzia kuulizia kwa mtu wa Nakuru. Nenda na uzito kamili wa nyoka ulioupima kwa mizani, pamoja na wadudu wachache walionaswa kwenye selotepu angavu.

Kuna njia nyingine isiyo na sumu: utitiri unaokula utitiri. Anayefanya kazi kwenye mashamba ya maua ya Naivasha hatashangaa, kwa maana huko hufunguliwa wadudu walao wenzao dhidi ya utitiri mwekundu wa mimea. Kwa nyoka hutumiwa aina nyingine inayoishi udongoni, Stratiolaelaps scimitus, inayomwagwa kwenye matandiko. Haimuumi nyoka. Ni nzuri kwa kizimba chenye udongo na mimea hai ambacho huwezi kukivua kila kitu, lakini haiendi pamoja na dawa: ukipuliza permethrin leo na kuwafungua wadudu hao kesho, umetupa pesa.

Hatua ya sita: rudia, kwa kalenda

Mayai hayajali dawa nyingi. Yaliyobaki kwenye ufa yataanguliwa baada ya wewe kutangaza ushindi. Kwa hiyo andika kwenye kalenda ya ukutani, usitegemee kichwa.

Wiki mbili za mwanzo, badilisha karatasi na lile boksi kila siku, au angalau kila baada ya siku mbili, na ufute sanduku kwa maji ya moto kila mara. Mwogeshe mara mbili kwa wiki. Dawa, kama daktari ameiagiza, kwa kawaida hurudiwa kila baada ya siku saba hadi kumi. Wiki ya tatu na ya nne, karatasi mara mbili kwa wiki, bafu moja. Endelea hadi wiki sita zitimie, hata kama hujaona mdudu tangu wiki ya pili. Wiki ya tatu ndiyo ya hatari. Nyoka ametoka majini, ameanza kula, mfugaji amechoka, na hapo kizazi kipya kinafikia utu uzima.

Maji ya kunywa yawepo siku zote, na bakuli liwe kipimo chako: mimina kwenye beseni jeupe kila unapolibadilisha. Akianza tena kulala ndani yake, rudi hatua ya kwanza bila kubishana. Chakula mpe kidogo kuliko kawaida katika kipindi hiki, na siku za bafu usimlishe. Akitoa povu mdomoni, akipumua kwa mlio, au akipata vidonda vinavyonuka chini ya magamba ya tumbo, acha kila kitu umpeleke kwa daktari.

Kumrudisha, na nyoka mgeni

Baada ya wiki sita, na siku 30 kamili bila mdudu hata mmoja majini, kwenye karatasi wala kwenye utepe wa mafuta ya mgando, anaweza kurudi kizimbani. Endelea na karatasi wiki mbili zaidi kabla ya kurudisha matandiko. Ukitumia maranda ya mbao, uliza ni ya mti gani. Ya mutarakwa yananukia vizuri kwa binadamu, lakini mafuta yake humdhuru nyoka. Ya mti mwingine yapitishe kwenye friza siku tatu kabla ya kuyatumia. Vigogo virudi kimoja kimoja, kwa nafasi ya wiki, ili tatizo likizuka ujue limeingia na kipi.

Nyoka yeyote mpya, awe ametoka banda lenye sifa namna gani, akae peke yake kwenye karatasi nyeupe siku 60 hadi 90, na vifaa vyake vyenyewe: koleo lake, bakuli lake, kitambaa chake. Kizimba cha mitumba kipite hatua ya nne yote hata kama muuzaji ameapa kwamba kilikaa kitupu mwaka mzima. Mfuko wa kitambaa alimoletwa nyoka uchemshwe siku ile ile, kabla haujatundikwa ukutani pamoja na mingine.